Mtu wa Kuambiwa Hapana: Tunamtafuta Rais wa Aina Gani?

Hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu mbele ya vijana na wapiga kura wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru

Wazee wetu, akina mama, vijana, na nyote mliofika mchana huu,

Nawashukuru vijana walionialika. Barua waliyoniletea ilikuwa na swali moja tu: mtu awe na tabia gani, na awe amepitia mambo gani, ndipo tuseme anafaa kuwa Rais wa Jamhuri ya Kenya? Nimekaa na swali hili wiki mbili. Ningeweza kuwajibu kwa dakika moja kwamba awe mwaminifu, mcha Mungu, msomi, mchapakazi na mpenda watu, nikaketi. Lakini sifa hizo kila mgombea huandikiwa kwenye bango lake, na kwa kuwa kila bango linazo, haziwezi kutusaidia kuchagua kati ya bango moja na jingine. Tarehe 10 Agosti 2027 tutapiga foleni tena, na tunahitaji kipimo kinachoweza kumtenganisha mtu na mtu.

Sikuja kumpigia debe yeyote. Mkinisikia nikitaja jina la kiongozi, litakuwa la mtu ambaye matendo yake yako wazi mbele ya taifa, na nitataja mema yake na mabaya yake pamoja.

Nianze na sheria, kwa ufupi. Kifungu cha 137 cha Katiba ya 2010 kinamtaka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe na sifa za kugombea ubunge, na aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 kutoka kila kaunti katika zaidi ya nusu ya kaunti zetu 47. Sheria ya uchaguzi inaongeza shahada ya chuo kikuu. Ili atangazwe mshindi, ni lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti 24. Sharti hili la kaunti 24 nalipenda, kwa sababu linamlazimisha mtu kwenda kuomba kura kwa watu wasiomwita mtu wetu. Masharti mengine ni kizingiti cha mlango; yanatuambia nani anaruhusiwa kuingia uani, wala hayatuambii nani apewe kiti.

Kuna jambo moja katika sheria hiyo ambalo wengi hulielewa vibaya, na ningependa tulielewe leo. Kifungu cha 99 kinasema kwamba mtu aliyepatikana ametumia vibaya ofisi ya umma, au amekiuka Sura ya Sita ya Katiba, ile inayohusu uongozi na uadilifu, hafai kugombea. Lakini papo hapo kinasema hawezi kuzuiwa mpaka nafasi zake zote za kukata rufaa ziishe. Basi utasikia watu wakisema, kama mahakama haijamzuia, ninyi ni nani mpaka mseme hafai? Jibu ni rahisi. Hakimu ana sababu ya kusubiri, maana uamuzi wake unaweza kumnyima mtu uhuru na haki zake. Mpiga kura hamfungi mtu gerezani. Anachofanya ni kukataa kumkabidhi funguo za nyumba, na mwenye nyumba hahitaji kungoja rufaa ya mwisho ili aamue nani amwachie funguo.

Sasa tuiangalie kazi yenyewe. Rais wa Kenya ni Mkuu wa Nchi na Mkuu wa Serikali, Amiri Jeshi Mkuu, mwenyekiti wa Baraza la Usalama la Kitaifa, na ishara ya umoja wa taifa. Anateua mawaziri na mabalozi. Anaweza kutangaza hali ya hatari. Anaweza kumsamehe mfungwa. Mswada uliopitishwa na Bunge unafika mezani pake, naye anaamua kuutia sahihi au kuurudisha. Kumwondoa kabla ya muda wake kunahitaji theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya Seneti, na mlango huo haufunguki kwa urahisi. Juu ya hayo yote, ongezeni jambo ambalo halikuandikwa katika kifungu chochote: kila asubuhi mtu huyu anaamka akiwa amezungukwa na watu ambao mkate wao unategemea uso wake ukoje siku hiyo. Wanamchekea asipochekesha. Wanamsifia hata anapokosea. Katika nchi nzima hakuna mtu anayesikia neno hapana mara chache kama rais, wala hakuna mtu ambaye asipolisikia neno hilo hasara huwafikia watu wengi kama yeye.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Mtu anafaa kuwa rais ikiwa amewahi kuambiwa hapana, mara nyingi, na watu mbalimbali, wakati alipokuwa na uwezo wa kuwaadhibu waliomwambia, na akaonyesha mbele ya macho yetu alilifanyia nini neno hilo. Tabia yake tutaiona hapo. Na ule uzoefu tunaoutafuta ni kumbukumbu ya nyakati hizo, iwe ndefu au fupi, mradi tuweze kuisoma.

Nitawapeleka katika miji miwili ya upande huu wa nchi. Mwezi Agosti 1963, hapa hapa Nakuru, Jomo Kenyatta alisimama mbele ya mamia ya walowezi wa Kizungu. Alikuwa Waziri Mkuu kwa miezi michache tu. Watu wale walikuwa wamemwona kwa miaka mingi kama adui. Serikali waliyoiunga mkono ilikuwa imemkamata Oktoba 1952 na kumweka kifungoni na kizuizini hadi 1961. Wengi wao walikuwa wameanza kuuza mashamba na kufunga mizigo. Angeweza kuwatisha, na hakuna Mwafrika ambaye angemlaumu siku ile. Badala yake aliwaambia kwamba hakuna jamii ya malaika, kwamba kama yeye aliwakosea wamsamehe, na kama wao walimkosea yeye atawasamehe, na akawaomba wabaki walime. Walipoondoka katika mkutano ule walikuwa wamempigia makofi. Alikuwa ameikabili hapana yao, ya hofu na chuki ya miaka mingi, na akaizungumzia kwa utulivu.

Miaka 6 baadaye, tarehe 25 Oktoba 1969, mtu yule yule alifika Kisumu kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, hospitali ambayo wenyeji bado huiita Russia. Waziri Tom Mboya, Mluo kama wenyeji wengi wa Kisumu, alikuwa ameuawa mwezi Julai, na machungu yalikuwa hayajapoa. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wake wa Rais kabla hawajaachana mwaka 1966, alikuwa pale pale. Umati ulipiga kelele za kumkataa. Safari hii aliyesimama jukwaani alikuwa rais kamili mwenye miaka mitano ya kusifiwa, na alijibu kwa ukali na matusi, mbele ya wananchi na watoto wa shule. Mawe yakarushwa, walinzi wakafyatua risasi. Hesabu rasmi ilikuwa watu 11 waliouawa. Wenyeji wa Kisumu hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku chache baadaye chama cha Jaramogi kilipigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini, na Kenya ikabaki na chama kimoja bila sheria yoyote kusema hivyo.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwaeleza, kwa sababu mtu ni mmoja. Elimu ni ile ile, akili ni ile ile, historia ya mateso ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba Nakuru alikutana na watu ambao bado alihitaji kuwashawishi, na Kisumu alikutana na watu aliodhani wana wajibu wa kumtii. Kwa hiyo tabia ya mgombea haitoshi kuitazama anapokuja kutuomba kura, maana hapo kila mtu ni Kenyatta wa Nakuru. Tumtazame mahali ambapo hakuwa anaomba kitu.

Tuje kwenye uzoefu. Tangu uhuru hatujapata rais aliyeingia Ikulu akiwa na maandalizi makubwa kuliko Mwai Kibaki. Alisomea uchumi Makerere na London, akafundisha chuo kikuu, akaingia Bungeni 1963 na hakutoka humo, akawa Waziri wa Fedha kwa zaidi ya miaka 10, Makamu wa Rais kwa miaka 10, kisha akagombea urais mara mbili akashindwa, 1992 na 1997. Alipoapishwa Uhuru Park tarehe 30 Desemba 2002, akiwa kwenye kiti cha magurudumu na mguu umefungwa plasta kwa sababu ya ajali ya barabarani, wengi wetu tulilia kwa furaha. Januari iliyofuata akafanya elimu ya msingi kuwa bila malipo. Mimi nilikuwa darasani wakati huo. Jumatatu moja nilikuwa na wanafunzi 48, na wiki iliyofuata nilikuwa na zaidi ya 90, wengine wakubwa kunizidi kimo, wamekaa sakafuni kwa sababu madawati hayakutosha. Aliambiwa na wataalamu kwamba pesa hazipo na walimu hawapo. Alisonga mbele, na zaidi ya watoto milioni moja waliingia shuleni. Sitaki mtu atoke hapa akidhani ninatafuta rais anayeyumba kila anapopingwa.

Lakini tazameni kilichofuata. Tarehe 21 Novemba 2005 wananchi walipiga kura ya maoni juu ya rasimu ya katiba ambayo rais aliiunga mkono. Ndizi ilikuwa ndiyo, chungwa lilikuwa hapana, na chungwa likashinda waziwazi. Kibaki aliyakubali matokeo, na katika hilo anastahili heshima. Siku mbili baadaye alilivunja baraza la mawaziri, na alipoliunda upya, wale waliosimama na chungwa hawakuwemo. Alikuwa na haki ya kisheria kufanya hivyo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, siku ile ndiyo nchi ilipopasuliwa kati, kwa sababu nusu ya Wakenya walisikia wakiambiwa kwamba kusema hapana ni kujifukuza mezani. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya urais yalitangazwa katikati ya mabishano na rais akaapishwa Ikulu jua likizama, na mnajua vizuri, kwa kuwa wengine wenu mlikuwa watoto mgongoni, yaliyotufika hapa Nakuru mwezi uliofuata. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizozuka kati ya jamii zetu baada ya uchaguzi ule, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini.

Mwezi ule nilikwenda uwanja wa maonyesho, Showground, pamoja na walimu wengine, kwa sababu familia zilizokimbia makwao zilikuwa zimelala pale kwenye mahema na watoto walikuwa wamekaa bure. Nilibeba daftari la mahudhurio la darasa langu. Nilidhani nitawaita majina, waje, tuendelee tulipoachia. Nikaita. Waliitikia wachache. Nilipokuwa nikiweka alama za wasiokuwepo, nilijua kwamba baadhi yao walikuwa mtaani umbali wa kutembea, ng'ambo ya ua, na kwamba hawangeweza kuja kukaa na wenzao kwa sababu ya majina niliyokuwa nayo mkononi. Daftari lile ninalo nyumbani. Wino wa kalamu yangu kwenye ukurasa wa Januari 2008 umepenya mpaka ng'ambo ya pili ya karatasi, maana nilikuwa ninakandamiza bila kujua.

Hivyo mtu akija hapa akiniambia nimchague kwa sababu amekaa serikalini miaka 20, nitamuuliza miaka hiyo ilimfundisha nini kuhusu watu waliomkataa. Uzoefu wa Kibaki haukutuokoa mwaka 2007. Na bado, haki itendeke, uzoefu huo huo ulimwezesha baadaye kufanya jambo gumu kuliko yote. Tarehe 28 Februari 2008 alitia sahihi mkataba wa kugawana mamlaka na Raila Odinga, mpinzani wake, Kofi Annan akiwa msuluhishi. Agosti 2010 alipeleka kwa wananchi katiba iliyopunguza mamlaka ya kiti alichokuwa amekikalia mwenyewe, na mwaka 2013 muda wake ulipoisha aliondoka. Mtu anaweza kujifunza kuambiwa hapana akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Ninachoomba ni kwamba tusimwache mtu ajifunze somo hilo akiwa Ikulu, wakati karo ya somo inalipwa na watu wengine.

Mtauliza, basi tutayaonaje haya mapema? Tutayaona katika madaraka madogo. Kuna kamati moja ya ujenzi niliyowahi kukaa ndani yake, sitaitaja, ambayo mwenyekiti wake alikuwa mtu mkarimu na mwenye ulimi mtamu. Mabati yalinunuliwa. Mama mmoja, muuza mboga, akauliza kwa upole iko wapi risiti. Mwenyekiti hakukasirika kwa sauti kubwa, alimtazama tu, akasema, "Mnaniuliza mimi?" Mkutano ukanyamaza. Yule mama hakurudi kwenye kikao kingine, na risiti hatukuiona mpaka leo. Tangu siku ile maneno hayo mawili yamekuwa kipimo changu. Mtu anayejibu swali la hesabu kwa kuuliza wewe ni nani uniulize, mpe kamati, mpe wadi, mpe kaunti, mpe nchi, swali litabaki bila jibu na waulizaji watazidi kupungua.

Lakini nisiwasimange wengine kana kwamba mimi sijui uchungu huo. Agosti 2022 nilikuwa msimamizi wa kituo kimoja cha kupigia kura. Nilikuwa macho tangu saa tisa usiku wa kuamkia siku ya kura. Tulimaliza kuhesabu kura za urais usiku sana, ndani ya darasa, taa moja ikiwaka na nyingine imekufa, mawakala wakiwa wamesinzia kwenye madawati. Nilijaza Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais inayobandikwa mlangoni na kupigwa picha kutumwa kwenye kituo cha kitaifa. Wakala mmoja, binti wa kama miaka 23, aliinama juu ya fomu na tochi ya simu yake, akaisoma, akasema, "Mwalimu, hapa siyo. Sisi tulihesabu 178."

Nilikuwa nimeandika 187 kwa mgombea aliyekuwa akishindana na mgombea wake. Sitawaficha nilichokihisi. Nilihisi moto usoni. Nilikuwa na ofisi, nilikuwa na mhuri, polisi alikuwa mlangoni, na aliyesimama mbele yangu alikuwa mtoto ambaye ningeweza kumfundisha darasa la nne. Maneno yalikuwa yameshafika midomoni mwangu, na yalikuwa yale yale ya mwenyekiti. Nikayameza. Tukamwaga kura za mgombea yule mezani, tukazihesabu upya mbele ya wote, mafungu ya kumi kumi. Zilikuwa 178. Nikaikata tarakimu kwa mstari mmoja, nikaandika iliyo sahihi, mawakala wote wakaweka sahihi kando yake. Hata baada ya marekebisho yale mgombea wa binti huyo alikuwa ameshindwa kituoni petu. Alichukua kalamu yangu akatia sahihi fomu nzima, akakunja nakala yake mara nne akaitia kifukoni, akaniuliza kama kuna chai.

Usiku ule nilielewa mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kwamba hasira ya kusahihishwa huja kabla ya fikira, hata kwa mtu asiye na nia mbaya, na kwa hiyo anayefaa ni yule aliyeizoea kiasi cha kuitambua ikija. Pili, kwamba yule binti alikuwa na sehemu mbili za uongozi ambazo watu wazima wengi hawana: alithubutu kumwambia mkubwa hapana, na alipoambiwa hapana na hesabu yenyewe, aliikubali.

Majirani zetu wa Tanzania wana mfano ambao ningependa kila mgombea wa Kenya aujue. Katika miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Maafisa wa usalama waliwatesa watuhumiwa huko Mwanza na Shinyanga, na baadhi yao wakafa mikononi mwa dola. Mwinyi hakuagiza mateso yale. Alijiuzulu, kwa sababu yametendeka chini ya wizara yake. Wengi wangesema siasa yake imekwisha. Mwaka 1985 Watanzania walimfanya rais wao, naye akakaa miaka 10 na kuondoka. Kwao wana msemo, cheo ni dhamana, na ninaamini kwamba kule kujiuzulu ndiko kulikokuwa cheti chake kikubwa kuliko vyeo vyote alivyoshika. Sisi huku tumezoea kumwona anayejiuzulu kama mtu aliyeshindwa.

Na tuongee juu ya mahakama. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, Jaji Mkuu akiwa David Maraga, ilifuta uchaguzi wa urais. Rais Uhuru Kenyatta alitoka mbele ya kamera akasema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu, na akaomba amani. Nilijivunia nchi yangu saa ile. Siku hiyo hiyo, katika soko la Burma pale Nairobi, aliwaita majaji wakora. Mkono ulitii na ulimi ukakataa. Mtu anaweza kusema ni maneno tu ya kampeni, lakini rais hana maneno tu. Neno lake likifika Kaptembwo, Kondele au Kakamega, kuna kijana anayelichukua kama ruhusa.

La Juni 2024 bado ni kidonda, nami nitaligusa kwa heshima ya waliofiwa. Vijana waliukataa Mswada wa Fedha wa mwaka ule, uliopendekeza kodi mpya. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, na watu wakapigwa risasi wakafa. Siku iliyofuata rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Uamuzi wa kutosaini ulikuwa wa kikatiba, na hata tarehe 24, kabla Bunge halijaupitisha mswada, angeweza kutangaza kwamba hatausaini. Hili ndilo linaloniumiza, kwamba katika nchi yetu hapana ya raia wa kawaida haina mlango wa kupitia mpaka ilipiwe kwa damu. Mgombea yeyote atakayekuja hapa, wa upande wowote, tunamdai jibu: mlango wa hapana katika serikali yako utakuwa wapi, na utaufungua siku gani?

Wapo watakaosema ninawatafutia rais mnyonge. Naomba wakumbuke kwamba kusikia hapana ya mwananchi na kumwambia hapana rafiki yako ni kazi ya msuli mmoja. Mwaka 2004 waziri John Michuki alipotaka matatu zote ziwe na mikanda na vidhibiti mwendo, wenye magari waligoma, wakubwa wenye matatu wakalalamika, nasi tukatembea kwa miguu kutoka Lanet hadi mjini. Waziri hakurudi nyuma, na rais hakumwacha peke yake. Rais asiyeweza kuwakataa walioichangia kampeni yake, jamaa zake na watu wa kijiji chake, huyo ndiye mnyonge, hata akiwa na sauti ya ngurumo.

Tuna bahati moja ambayo wazazi wetu hawakuwa nayo. Tangu 2013 tuna magavana 47, mabunge ya kaunti, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ambazo ni mali ya umma. Anayetaka urais mara nyingi atakuwa amepitia ugavana, ubunge, uwaziri, au uongozi wa shirika au chama cha ushirika. Tuisome njia yake. Mkaguzi alipouliza hesabu, alijibu kwa hati au kwa mkutano wa hadhara? Wawakilishi wadi walipompinga, aliwasikiliza, aliwanunua au aliwafungia ofisi? Aliposhindwa uchaguzi, alisema nini usiku ule, na aliwaambia nini wafuasi wake asubuhi? Waliofanya kazi chini yake na kumpinga, wako wapi leo? Swali hili la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mtu anaweza kuficha mali, lakini ni vigumu kuwaficha watu aliowahi kuwavunja. Wanatoka katika mitaa kama huu wetu. Waulizeni.

Vijana, mmenipa muda mwingi. Nilipokuwa ninaongea nimewaona wawili watatu wakitikisa vichwa, hasa nilipomtaja Kibaki na nilipozitaja mahakama. Maikrofoni ni hii hapa. Naomba apewe kwanza yule kaka wa koti la kijani, kando ya dirisha, aliyetikisa kichwa zaidi ya wote.